Trekta Linavyovikwa Koti

Siku ya kwanza fundi hakugusa spana. Makasha matatu ya kabini yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa banda tangu Jumatano, marefu kama milango, yamefungwa mikanda ya plastiki, nami nilikuwa nimeshika kisu tayari kuikata. Yeye akachukua ndoo ya maji ya moto, brashi na sabuni, akaanza kuliosha trekta. Akasugua madigadi, akasugua ubao wa kukanyagia, akakwangua grisi kongwe kwenye nguzo mbili za chuma nyuma ya kiti mpaka rangi ikajitokeza. Alipomaliza akapanda, akaketi, akafunga mkanda, akatulia. Mkono wa kulia ukaenda kwenye usukani, ukaenda kwenye fimbo ya haidroliki, ukarudi. Akageuza shingo nyuma kushoto, kisha nyuma kulia. Akashuka, akapanda tena, akashuka tena, kila mara akiangalia goti lake linapita wapi.

"Napima mlango," akasema.

Mlango wenyewe ulikuwa bado kashani.

Fundi huyu ni jirani yangu katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, si mbali na Lewiston. Alitengeneza mabasi ya shule mpaka akastaafu. Mimi humwita Mzee. Mwanzoni alidhani namtania kwa mvi zake. Nikamweleza, akaridhika, na sasa akinipigia simu hujitambulisha kwa jina hilohilo, akilivuta kwa namna yake. Tunachangia njia moja ya changarawe, mita 200 na ushei kutoka barabara kuu hadi nyumba zetu mbili, na tangu mwaka juzi tunachangia pia trekta: Kubota dogo la nguvu za farasi 25, lisilo na paa, la kukatia nyasi na kubebea mbolea. Majira ya joto linapendeza. Ikifika Januari, usiku joto likishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo ukivuma, kukaa juu ya kiti kile ni adhabu.

Hadithi za theluji ya kwanza sitazisimulia. Portland na Lewiston zina watu wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na kila mmoja wetu tuliohamia hapa anayo yake. Tumeshasimuliana mpaka tumechoka. Nitasema hesabu tu. Theluji mpya iliyo kavu ni nyepesi kama pumba, mita moja ya ujazo mara nyingi haifiki kilo 100. Lakini njia yetu ina upana wa mita tatu. Ikianguka sentimita 30 usiku, hizo ni mita za ujazo 180, na hata tukizihesabu kwa kilo 100 tu, kuna tani 18 za kuhamisha kabla ya saa moja asubuhi, saa ambayo mke wangu anatakiwa awe kazini. Na hapo sijataja kile kilima kinachoachwa mdomoni mwa njia na greda la barabara kuu. Hicho hakina upumba wowote. Kikilala usiku mmoja kinakuwa zege.

Kwa hiyo tuliamua: kabini, hita, taa, minyororo ya matairi, na mbele, mashine ya kurushia theluji. Hiyo ya mwisho sisi huiita kirushio. Ina parafujo pana inayokusanya theluji kutoka pande mbili kuileta katikati, na nyuma yake feni nzito ya chuma inayoipokea na kuitupa juu kupitia bomba linalogeuzwa huku na huku. Wa kwanza kuifanya kazi hiyo barabarani kwa gari lenye injini alikuwa Arthur Sicard wa Quebec, ng'ambo ya mpaka tu kutoka hapa. Aliiunda mwaka 1925, na mwaka 1927 mji wa Outremont, uliokuwa kando ya Montreal, ukainunua. Mzee humtaja Sicard kama watu wa nyumbani wanavyomtaja aliyechimba kisima cha kijiji.

Mimi nimetoka Karatu, Tanzania, na trekta si jambo geni kwangu. Baba mdogo aliendesha Massey Ferguson kwa watu, na ninalolikumbuka zaidi ni paa lake: bati moja lililochomelewa juu ya vyuma vinne na fundi wa mjini, kwa ajili ya jua. Vumbi lilikuwa halina dawa. Alijifunga kitambaa usoni akabaki macho tu. Kwetu dereva hutafuta kivuli na huacha upepo upite. Hapa anajengewa nyumba, na kazi ya nyumba hiyo ni kuuzuia upepo huohuo. Nilipoliangalia Kubota kwa nyuma mara ya kwanza nilifurahi kuiona ile mikono mitatu ya kunyanyulia plau, kwa sababu ni ileile ya Karatu. Aliyeibuni ni Harry Ferguson wa Ireland, yule ambaye jina lake limeshikana na Massey tangu kampuni zao zilipoungana mwaka 1953. Kubota ni la Kijapani, ukoo wa matrekta madogo yaliyoundwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga na kuingia Marekani mwaka 1969. Mikono, hata hivyo, ni ya Ferguson. Mzee ameitundikia boksi la zege.

Boksi hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu namna anavyofikiri. Ana swali moja analolirudia mbele ya kila kipuri kabla hajakitoa kwenye mfuko: "Hiki nani atakilipia?" Mara ya kwanza nilitoa pochi. Akacheka. Hakuwa anauliza habari za fedha. Kirushio na fremu yake vina uzito wa kama kilo 200, na vinaning'inia mbele ya matairi ya mbele. Anayelipa ni ekseli ya mbele, na matairi ya nyuma, ambayo yanapunguziwa uzito na kuanza kuteleza. Basi deni lile linalipwa nyuma, kwa zege, katika mikono iliyobuniwa kushika plau. Zege lile halifanyi kazi yoyote isipokuwa kuwa zito.

Siku ya pili tukafungua makasha.

Lazima nieleze zile nguzo mbili nyuma ya kiti, maana kila kitu kinazizunguka. Ziko kama fremu ya mlango usio na ukuta, na kazi yake ni moja: trekta likipinduka, dereva aliyefunga mkanda abaki katika nafasi ambayo chuma hakitaifikia. Sweden ndiyo nchi ya kwanza kuzilazimisha kwa matrekta mapya, mwaka 1959, baada ya wakulima wengi kufa chini ya matrekta yao. Nguzo hizo zimepimwa zipinde kiasi fulani, mahali fulani, zikimeza nguvu ya mpinduko. Ukizitoboa tundu moja, au ukizichomelea hata kipande kidogo cha kushikia taa, umebadilisha mahali zitakapopinda, na hakuna anayejua tena zitafanya nini. Kwa hiyo kabini nzima, paa, milango, kioo cha nyuma, inabidi izishikilie bila kuzijeruhi. Inabanwa kwa vibano na bolti za umbo la U, kama mtu aliyembeba mtoto mgongoni: amemshika barabara wala hakumshona.

Keekee ya umeme ilikuwa imetundikwa ukutani. "Ikishuka pale kabla sijasema," Mzee akaniambia, "mimi naenda kwangu."

Bolti zote zilitiwa kwa vidole. Zote, zaidi ya 40, na hakuna hata moja iliyokazwa. Nilidhani ni uzembe wa mwanzo wa kazi, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Fremu ya kabini inatoka kiwandani ikiwa imenyooka, lakini trekta halijanyooka. Madigadi yamegongwa mwaka jana, ubao wa kukanyagia umepinda kidogo upande ninaoupandia, na hata jipya dukani haliko sawa kama mchoro wake. Ukiikaza bolti ya kwanza, tundu la mwisho halitakutana na bolti yake, nawe utaanza kulitanua, na hapo keekee itashuka ukutani. Mzee aliiacha nyumba nzima ikilegalega kama kitanda kibovu. Akaufunga mlango, akautazama mwanga unaopenya pembeni, akagonga nguzo moja kwa nyundo ya mpira, pigo moja dogo, akautazama tena. Akachomeka kabari ya mti chini ya kona ya kushoto. Akaufungua mlango, akaufunga kwa kidole kimoja. Mwanga ukawa mwembamba sawasawa juu mpaka chini, kama uzi. Ndipo akachukua spana, akaanza kukaza kwa mishazari, kona hii na ile inayoikabili, robo mzunguko kila mara, kama anayekaza nati za gurudumu.

Iliyotuchukua siku tatu ni mipira. Kila ukingo una mpira wake wa kuzibia, na Mzee hakubali mpira uvutwe, kwa sababu uliovutwa Oktoba utakuwa umejirudi Januari na kuacha pengo kwenye kona. Anausukuma. Anaukata mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa na kuubana ujae. Ni kazi ya kuchosha isiyo na lolote la kuonyesha mwisho wa siku, nami nikaanza kuharakisha.

Hapo ndipo nilipovunja kioo. Kioo cha mlango ni kile kilichokomazwa kwa joto, ambacho hakipasuki vipande bali humwagika punje. Kina matundu ya bawaba, na kila tundu lina wosha mbili za plastiki na kijibomba chembamba cha kuifanya bolti isikiguse kioo. Wosha moja ilinibaki mkononi. Nikaitia mfukoni, nikakaza. Hakikuvunjika. Nikaongeza robo mzunguko, na mlango ukawa haupo. Palikuwa na fremu, na sakafu ilikuwa imejaa punje kama chumvi ya mawe. Mzee alikuwa upande wa pili. Hakusema kitu. Akaenda ndani akarudi na fagio mbili.

Kioo kingine kilichukua majuma mawili kufika, na majuma hayo tukayatumia kwa hita.

Hita ya kabini haina moto wake. Ni rejeta ndogo yenye feni, inayokunywa maji yaleyale ya injini. Dizeli ikiungua, sehemu kubwa ya joto lake haigeuki kuwa nguvu. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inachukuliwa na maji kwenda kumwagwa hewani. Fundi anachepusha sehemu ya maji hayo yapite kwenye kabini kabla hayajarudi. Ukisema hivyo inaonekana kazi ya asubuhi moja. Lakini ni lazima ujue maji yana moto wapi na pampu inasukuma wapi, utoe upande wenye msukumo na urudishe upande unaovuta, la sivyo maji yatasimama kwenye mpira yakitazamana. Mzee alikata mipira ya injini mara mbili tu, akaweka viunganishi vya shaba, na kwenye kila kimoja koki ya kufunga wakati wa kiangazi. Njia ya mipira ile ilimchukua muda zaidi kuliko viunganishi. Aliipitisha mbali na bomba la moshi, mbali na mkanda wa feni, na kila ilipopenya kwenye bati aliivalisha pete ya mpira, kwa sababu bati linalotikisika ni msumeno ulio na subira.

Kisha ikaja hewa. Hita iko juu kuliko injini, na hewa hupanda. Pakiwa na kiputo kimoja kikubwa kwenye rejeta ile ndogo, maji hayapiti na hita inapuliza baridi. Tulipiga jeki mbele mpaka mdomo wa rejeta kubwa ukawa ndio mahali pa juu kabisa, trekta limetazama angani kama kuku anayekunywa maji. Injini ikiwa inanguruma polepole, kifuniko wazi, Mzee aliibinya mipira kwa mkono mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye hita kushuka, kama anayemkanda mtu mguu. Kila baada ya muda kiputo kilitokea mdomoni, kikapasuka. Akaongeza maji, nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, akaendelea kubinya. Nilimuuliza atajuaje kwamba imekwisha. Akanishikisha mpira wa kwenda, kisha mpira wa kurudi. Ule wa kurudi ulikuwa umeanza kupata moto.

Nani analipa? Injini. Dizeli ndogo ikinguruma bila kazi haizalishi joto la maana, na hita ikiwaka mwisho inaweza kuipoza isifike joto linalotakiwa hata kidogo. Kwa hiyo kuna kipande cha boksi, boksi la kawaida la karatasi, kinachochomekwa mbele ya rejeta siku za baridi kali, na kipimajoto ambacho dereva ameagizwa akitazame ili asikisahau kipande hicho hapo siku jua likitoka. Mzee hana aibu na kipande kile cha boksi. Amekikata kwa makini kuliko wengi wanavyokata zulia.

Umeme aliufanyia hesabu ya chaki ukutani. Altaneta ya trekta letu inatoa ampea 40, na hizo ni injini ikikimbia. Feni ya hita inakula 10. Vaipa 4. Taa za trekta lenyewe 6, na mfumo wa injini 3. Nilikuwa nimenunua taa nne za kazi za halojeni, wati 55 kila moja, kwa bei nzuri. Akaandika 18, akapiga mstari, akajumlisha 41, akanitazama. Betri ndiyo ingelipa tofauti, nayo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ina kama nusu tu ya nguvu zake. Halojeni zikarudi dukani, zikaja za LED: ampea 6 kwa zote nne. Kila moja ina fyuzi yake na relei yake, na nyaya zimevishwa bomba la plastiki, zimefungwa kila shubiri moja. Nyuma ya swichi ameandika kwa kalamu nyeupe kila waya unakwenda wapi. Atakayesoma maandishi hayo labda hajazaliwa, lakini Mzee ameyaandika kwa herufi kubwa.

Kuna watakaosema, na hawakosei, kwamba ingekuwa rahisi kununua trekta lenye kabini ya kiwandani. Ni tulivu zaidi. Kabini ya kuongezea, ikiachwa kama inavyotoka kashani, ni debe lenye dereva ndani. Kila mtikisiko wa injini unaigeuza ngoma. Mzee aliibandika sponji nzito kwenye paa na ukuta wa nyuma, akaweka wosha za mpira kila mahali kabini inapokanyaga trekta, na bado masikio yanalipa kidogo. Ila yetu itavuliwa Aprili na kutundikwa darini kwa kamba, na trekta litapita tena chini ya matawi ya mitufaha. Tena inaingia bandani. Kati ya paa lake na kizingiti kuna sentimita nne. Taa ya njano ya kuzunguka imewekwa kwenye bawaba ili ilazwe kabla ya kuingia. Mimi sibadilishani.

Matairi yalinichekesha. Ili yawe mazito hujazwa maji robo tatu, lakini maji ya kawaida yataganda, na kloridi ya kalsiamu waliyoizoea wazee wa hapa hula rimu. Siku hizi wanatia maji ya kiazisukari, yanayobaki viwandani baada ya sukari kutolewa: lita moja hukaribia kilo 1.3, na hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri hayagandi. Nimekua nikijua sukari ni miwa. Sasa ninaendesha juu ya molasi.

Juu ya matairi hayo ikaja minyororo, iliyosukwa kwa umbo la almasi, kwa sababu ile ya ngazi huzama katikati ya meno ya tairi na kulala humo. Minyororo ikanenepesha tairi, tairi likagusa ukingo wa chini wa mlango mpya, na ikabidi magurudumu yasogezwe nje kwa vipande vya chuma vya kuongezea. Zamu ya kulipa ikawa ya beringi za ekseli, Mzee akaguna, akaandika kwenye daftari tarehe ya kuzikagua.

Dizeli nayo ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta huganda na kuziba filta. Dawa ya hapa ni kuagiza dizeli ya majira ya baridi, au kuchanganya mafuta ya taa. Nilishika dumu nikasita. Tanzania jambo hilo lina jina, uchakachuaji, na tangu 2010 serikali inatia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wanaolifanya. Mzee alisubiri nimimine, hakuelewa ninachekea nini.

Nimebakiza bolti. Parafujo ya kirushio haikushikwa na shafti yake moja kwa moja. Imeshikwa na bolti laini, ya chuma cha daraja la chini kwa makusudi. Parafujo ikiuma jiwe au gogo, bolti inakatika, shafti inazunguka bure, na gia, ambazo bei yake ni karibu nusu ya kirushio, zinasalimika. Nilipendekeza tuweke ngumu zaidi ili tusisumbuke usiku. Ndiyo siku pekee niliyomwona amekasirika. Alikwenda dukani mwenyewe, akanunua bolti laini 20, akazitia kwenye kopo la kahawa pamoja na nati zake, spana mbili na tochi ndogo, akalifunga kopo kwa mkanda juu ya kiti, upande wa kulia, mahali mkono unapofika bila macho. Pembeni yake akachomeka kijiti kirefu cha mti cha kuzibulia bomba, ili hata siku moja mtu asije akatumia mkono. Halafu akaketi, akaiwasha PTO, ile shafti ya kutolea nguvu inayozungusha kirushio, akajiinua kwenye kiti taratibu. Injini ikazimika, kama swichi iliyo chini ya kiti inavyotakiwa kufanya. Akarudia mara tatu.

Theluji kubwa ya kwanza ilianguka Desemba, usiku wa kuamkia Jumanne. Hita ya umeme ya kupashia injini ilikuwa kwenye plagi tangu saa nane. Saa kumi alfajiri, kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri, nilisubiri taa ya plagi za joto izime, nikageuza ufunguo, trekta likaitika mara ya kwanza. Nikaliacha lingurume dakika kumi mpaka oili ya haidroliki ilegee. Kabini ilikuwa na harufu ya mpira mpya. Kioo kikafunguka ukungu kutoka chini kwenda juu, nikafungua dirisha la nyuma upana wa kidole kama nilivyoagizwa, ili unyevu wa buti zangu upate pa kutokea, nikatoka.

Ng'ambo ya uwanja, dirisha la Mzee lilikuwa na mwanga. Ameamka kusikiliza.

Njia ikafunguka nyuma yangu. Theluji ilikuwa inaruka kulia, mita kumi na zaidi, ikianguka juu ya ukuta wa mawe bila sauti. Nilifika mdomoni mwa njia, kwenye kilima cha greda, nikaingia taratibu, na ndani ya kilima kulikuwa na gazeti la juzi ndani ya mfuko wake wa plastiki, limeganda kama tofali. Mlio mmoja mfupi. Bomba likaacha kutupa.

Nikazima PTO, nikashusha kirushio, nikazima injini, nikatoa ufunguo. Mkono ukapanda juu kulia, kopo likawa pale. Bolti ilikuwa imekatika sawasawa, vipande viwili vinang'aa kama sarafu. Nikalivuta gazeti kwa kile kijiti, nikalinganisha matundu, nikapachika mpya, nikaikaza, nikavua glavu na kuijaribu nati kwa vidole. Nilipowasha na theluji ikaanza kuruka tena, nikageuka kutazama nyuma kushoto, kupitia mlango ule uliopimwa kwa goti. Taa ya Mzee ilikuwa inazimwa.